Mgao sawa uliwaua wote sita: nilivyovuka ngazi ya kwanza ya gemu ya mapangoni, Kibondo miaka ya 90

Wakuu, salaam kutoka Kasulu. Nawaita wakuu kwa kuwa ndiyo desturi ya humu, ila wengi wenu tukikutana barabarani mtaniamkia nyinyi.

Nimesoma uzi wa vijana wanaolalamika juu ya hizi gemu za kuingia mapangoni. Zile unazoona ukuta na kona kana kwamba ni macho yako mwenyewe. Unaunda kikosi cha watu sita, unaingia, na kabla chai haijapoa wote wamekufa.

Mmoja ameandika kwamba gemu hizo ni za uonevu. Nikacheka peke yangu. Mimi nilizicheza kabla wengine humu hamjazaliwa, na ninayoandika ndiyo yaliyotokea, sijaongeza chumvi.

Kwanza niwataje waliokuwepo, ili mjue nani ni nani.

Mimi Anastazia, wenzangu waliniita Mama Devota, mzaliwa wa Titye. Nilikuwa mpishi kwenye ofisi ya shirika moja pale Kibondo, jina lake silitaji. Mume wangu alikuwa ameshafariki.

Gervas, mkuu wa ghala la chakula cha wakimbizi. Baba yake na baba wa marehemu mume wangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo tuliitana shemeji. Alikuwa mzee wa kanisa pia.

Salehe, dereva wa lori, mtu wa Ujiji. Huyo hakuna aliyepona mdomo wake.

Nelson, fundi wa redio za mawasiliano, kwao Moshi. Kompyuta ilikuwa chini yake, na gemu aliileta yeye kwenye diski.

Esperansi, mkunga, mkimbizi kutoka Burundi. Alifanya kazi zahanati ya kambini na jioni alikuja ofisini kuandikisha dawa. Kiha changu na Kirundi chake vilielewana, tukawa kama dada.

Basi, hao tu.

Jenereta iliwashwa saa kumi, ikazimwa saa kumi na mbili jioni. Nelson akishamaliza ripoti zake anafungua gemu, na ofisi nzima inasogeza viti. Televisheni hatukuwa nayo, mpira tuliusikia redioni tu.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Juu kuna mji. Chini ya mji kuna pango lenye ngazi nyingi, kila ngazi ina viumbe wabaya kuliko ya juu yake. Unaunda watu sita, unawapa majina na kazi. Watatu wanakaa mbele, hao ndio wanaopiga na kupigwa. Watatu wanakaa nyuma.

Kuna mpiganaji. Kuna mganga anayetibu kwa sala. Kuna mfungua masanduku. Na kuna mchawi.

Nelson alipotaja huyo wa mwisho, Gervas alisema kikosi chake hakitakuwa na mchawi, yeye ni mzee wa kanisa. Ilibidi tuelewane kumwita fundi. Nacheka mpaka leo.

Aliyeanza ni Salehe. Akaunda wapiganaji sita, wanaume watupu, akawapa majina ya wachezaji wa timu yake. Wakaingia kwa mbwembwe, wakakutana na panya wakubwa kama mbuzi. Walipoumia hakuna wa kuwatibu. Wote chali. Akaunda tena, chali tena.

Ndipo Gervas akasema hiyo ni kazi ya mtu mwenye utaratibu.

Sasa wakuu, hapa msikilize vizuri. Gervas alikuwa amezoea ghala. Kwenye mgao wa wakimbizi kila kichwa ni kopo lile lile la unga na kipimo kile kile cha maharage. Akizidishiwa mmoja, foleni nzima inawaka. Kwa hiyo na kikosi alikipanga hivyo hivyo. Kila mtu kisu kimoja. Kila mtu kofia moja. Hakuna ngao, kwa sababu hazitoshi wote sita. Mganga akisali, anamtibu wa kwanza kidogo, wa pili kidogo, mpaka wa sita, hata asiye na mchubuko.

Wakafa kwa usawa.

Aliunda kikosi kingine, na kingine. Nelson alikuwa anachora vijiti ukutani, akafika kumi na moja.

Mimi nilikuwa naleta chai, nasimama mlangoni na sinia. Siku moja nikamwuliza shemeji, yule wa nyuma asiyeguswa na mtu anavaa kofia ya nini, na wa mbele anapasuliwa kichwa. Akaniambia niangalie chai yangu.

Mwezi ule ule tukatangaziwa kwamba jiko la ofisi linafungwa mwisho wa mwezi. Kila mtu atajipikia.

Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Titye, nyumba niliyoolewa ilikuwa imeshakaliwa na kaka mkubwa wa mume wangu, na shamba langu analima yeye. Nikirudi bila kazi, narudi kuomba kona ya kulala kwenye nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono yangu. Devota alikuwa shuleni Kasulu, ananitegemea mimi tu.

Ghalani kulikuwa na nafasi moja ya msaidizi. Nikamwomba Gervas aandike jina langu.

Akakataa, na mbele ya watu. Akasema darasa langu la nne lingetosha, kusoma magunia naweza. Shida ni nyingine.

"Shemeji, wewe una huruma. Akija wa kulia utamwongezea. Ghala halitaki huruma, linataka kanuni."

Nikakusanya vikombe. Lakini nilipopita nyuma yake kikosi cha kumi na mbili kilikuwa kinakufa, maneno yakanitoka yenyewe. Nikamwambia kwetu Titye tulilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na kitongoji kizima kilikuwa na mikuki mitatu.

"Hatukuivunja mikuki ile ili kila mtu apate kipande."

Salehe akaangua kicheko, akapiga meza. Gervas uso ukabadilika. Akageuka na kiti chake, akasema vizuri, kama mpishi anajua vita, akae hapa. Nikiwafikisha watu sita ngazi ya pili, wote wazima, ataandika jina langu. Akifa hata mmoja, nisimwulize tena habari za ghala.

Salehe akasema amesikia. Esperansi akasema amesikia. Zilikuwa zimebaki siku kumi jiko lifungwe.

Nelson alikuwa ananisomea Kiingereza na kubonyeza, mimi nasema la kufanya. Majina niliwapa ya watu wa kwetu niliokua nao. Mbele: Bukuru na Butoyi, mapacha wa baba mdogo, na Kagoma. Nyuma: Nyabenda mganga, Mpozenzi mfungua masanduku, na Ntibarikure, huyo ndiye fundi. Kompyuta ilimkata jina, akabaki Ntibari.

Kila kitu nilichopata niliwavisha wa mbele. Ngao tatu, kofia tatu, panga tatu. Wa nyuma waliingia pangoni na nguo zao. Gervas akasema nimewaacha watu uchi. Nikamwambia hao ndio tuliowaachia moto na ngoma kule shambani, hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwanza niliingia hatua tano, nikapiga panya wawili, nikarudi mjini kulala. Nikaingia tena hatua tano, nikarudi. Salehe akasema Mama Devota anateka maji. Siku ya pili vile vile, siku ya tatu vile vile. Nelson mwenyewe alianza kupiga miayo.

Lakini kila wakilala mjini wanaamka na nguvu zaidi. Panya aliyekuwa anamuua mtu kwa meno mawili, sasa Bukuru anampiga pigo moja.

Na njia nilikuwa naiweka kwenye ungo. Kuchora sikujua. Nelson akisema mbele ukuta, naweka maharage mekundu. Kona, naweka ya njano. Mlango, punje ya hindi. Nikimaliza nafunika ungo kwa kanga na kuuweka juu ya kabati. Siku moja Salehe alikula punje mbili za mahindi, tukapoteza milango miwili. Nilimnyima chai siku hiyo.

Ntibari ndiye wote walimdharau. Nelson alisema ana neno moja tu, la kuwalaza adui usingizi, na mara moja tu kwa siku. Salehe na Gervas wote waliona upuuzi, adui umlaze ili iweje. Mimi nikasema nguruwe aliyelala hachagui wa kumng'ata. Tukakutana na vijitu vifupi sita vyenye visu, ambavyo viliua vikosi vyote vya Gervas. Ntibari akasema neno lake, vitano vikalala. Wa mbele wakavimaliza kimoja kimoja kama kuchuma mboga.

Gervas akasogeza kiti.

Siku ya nane tukaharibikiwa. Buibui alimng'ata Butoyi, sumu ikawa inamla kila hatua. Kagoma naye alikuwa ameumia, Bukuru kidogo. Nyabenda amebakiwa na sala moja, mlango wa kutokea uko mbali. Gervas akasema gawa, kila mmoja apate kidogo. Nakiri niliyumba, nikamtazama Nelson.

Aliyesema ni Esperansi, alikuwa hajawahi kuingilia.

"Dada, ku disipanseri hatuangalii mstari. Tunaangalia damu."

Sala yote nikampa Butoyi. Nikahesabu maharage kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Tulitoka nje Butoyi akiwa na uhai kidogo sana. Kagoma alichechemea mpaka mjini, akapona kwa kulala.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Ungo wangu ulishaonyesha sehemu moja tu ambayo hatujaikanyaga, na ngazi ya kushukia lazima iwe hapo. Watu walikuja hata wasiokuwa wa ofisi yetu, dirishani walijaa.

Tulifika mlango wa mwisho. Nyuma yake mifupa inayotembea, minane. Ntibari akasema neno lake, Nelson akageuka akaniambia mifupa hailali, mama.

Hilo sikulijua.

Wakapigana. Minane ikawa mitano, mitano ikawa mitatu. Butoyi akapigwa, akapigwa tena, Nelson akasema amebakiwa na uhai wa pointi mbili. Pigo moja likimgusa amekwisha, na mimi nimekwisha naye. Nyabenda alikuwa hana sala.

Nikamwambia Nelson amrudishe Butoyi nyuma, amlete Mpozenzi mbele. Lakini Mpozenzi hana kitu mwilini. Basi amvue Butoyi ngao na kofia, amvishe Mpozenzi.

Gervas akainuka.

"Unamvua mtu vitu vyake?"

"Si vyake, shemeji. Ni vya anayesimama mbele."

Nelson alisema zamu moja itapotea kwa kubadilishana, na ikapotea. Mfupa ukampiga Mpozenzi, pigo likaishia kwenye ngao. Bukuru akaangusha mmoja. Kagoma akaangusha wa pili. Wa mwisho aliangushwa na Mpozenzi mwenyewe, mfungua masanduku, kwa kisu chake cha kufungulia makufuli.

Nelson akabonyeza mbele, mara moja. Ngazi. Akabonyeza tena, kukaandikwa ngazi ya pili, na majina sita yote yapo chini, hakuna lililofutika.

Wakuu, kelele zilizotoka pale zilimtoa mlinzi getini. Salehe alinivika kofia yake ya udereva. Esperansi alipiga vigelegele vya kwao, virefu, na mimi nikampokea na vya kwetu. Nililia kidogo, sifichi.

Gervas alikuwa bado amesimama. Watu walipotulia, Salehe akamwambia kwa upole, mzee, sisi tulikuwepo.

Gervas aliangalia ungo muda mrefu. Akauliza kama yale maharage yote niliyaweka kwa kumbukumbu tu. Nikamwambia ndiyo. Kisha akaniambia:

"Jumatatu saa moja na nusu. Njoo na kitambaa cha kufunga kichwa, mle ndani kuna vumbi la unga."

Nilifanya kazi ghalani mpaka shirika lilipoondoka. Titye nilirudi kutembea tu, na mkoba wangu mkononi.

Nimtendee haki Gervas. Kwenye foleni ya chakula alikuwa sahihi, na nilipima kopo kwa kopo kama yeye, hata waliponililia. Njaa ni ya wote sawa. Lakini wapakuaji wa lori niliwapanga mimi, wenye mgongo chini ya gunia, wenye macho kwenye kuhesabu, na glavu zilikuwa jozi nne nikawapa wanne wanaobeba. Gervas alipita akaona. Hakusema kitu, na kwa Gervas hiyo ilikuwa sifa.

Kwa hiyo vijana, ugumu wa mwanzo wa gemu hizo si uonevu. Mnaingia na mashujaa sita wakati kunatakiwa watatu wa kupigwa na watatu wa kuwafanya wasife. Vitu vizuri viende mbele. Msidharau anayelaza adui. Na kurudi mjini baada ya hatua tano si aibu, mimi nilirudi siku tatu mfululizo nikichekwa.

Nyinyi mnapanga vipi vikosi vyenu siku hizi? Nasikia kuna gemu za watu wanne tu, nielezeni hao wanakaaje.

Na mliokuwa Kibondo miaka ile, nisahihisheni. Huenda mifupa ilikuwa saba, si minane. Huenda Kagoma ndiye aliyeangusha mmoja kabla ya Bukuru. Ila Butoyi alibakiwa na mbili, hiyo naikumbuka. Kama kuna aliyekuwa dirishani akaona moja, aje aseme, nitakubali.