Mbwa Niliyemkana Hospitalini Tabora

Niliondoka kijijini kwetu Choma kwa sababu ya tumbo. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palivimba mpaka shati likagoma kufungwa. Kisimani watani wakaniuliza, "Masanja, unajifungua lini?" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Mke wangu alishafariki, na nyumbani nilikuwa na mbwa tu, Sijali. Tulilala ngozi moja, na kibakuli changu alikilamba yeye.

Asubuhi ya safari alinifuata hadi mtoni. Nikamrushia mawe ndipo akarudi kwa jirani niliyemwachia.

Nzega nilifika kwa miguu siku ya tatu, nikapanda lori la ngozi. Tabora nililala mtaa wa Ng'ambo kwa fundi wa makubadhi, naye kulipokucha akanionyesha njia ya hospitali.

Daktari, Mzungu, alinibonyeza, wakanipiga picha ya tumbo. Akauliza kupitia dresa, msaidizi wake aliyemtafsiria, "Una mbwa?"

"Sina."

Serikali ilishawapiga risasi mbwa wa kwetu kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ningemtaja wangu? Thubutu!

Siku ya nne walileta sindano ndefu ya kuvuta maji. Nikamnong'oneza dresa, "Hivi mbwa ana kosa gani?"

"Uvimbe unaoletwa na mbwa hautobolewi, mzee. Maji yake yakimwagika tumboni, unaweza kufa hapohapo."

"Ninaye! Anaitwa Sijali, tunakula chombo kimoja!"

"Lahaula! Ungejiua, mzee wangu!" Akamweleza daktari, na sindano ikarudishwa.

Walinipasua. Nilipozinduka dresa akanionyesha beseni: mfuko mweupe, laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Akanieleza kwamba tukichinja, maini yenye malengelenge tunamtupia mbwa. Humo mna minyoo michanga inayokulia tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi chake, yakashika manyoya, mikono yetu na vyombo. Kumbe ugonjwa nilijilisha mwenyewe.

Wodini nilikaa majuma mengi. Wenzangu waliletewa uji na ndugu zao. Mimi nilitazama mlango tu, hakuja mtu.

Nilirudi Choma shati likifungwa vizuri. Sijali alinirukia, nikamsukuma. Kabla ya kutoka hospitali nilimwomba daktari mbwa wangu asiuawe, naye akakubali, ila alale nje, asiguse chombo changu, na maini mabovu niyachome.

Sasa nikimaliza ugali ananisogelea akitikisa mkia. Nainuka, nakiosha kibakuli kwa sabuni, mara mbili. Ananitazama mpaka nimalize. Hajui amekosa nini, na mimi sina namna ya kumweleza.