Siku Ukiona Damu, Njoo Kwangu

Maparoni hakuna nyumba yenye binti ambayo Mwamvua hajaingia chumbani. Yeye ndiye somo. Binti akivunja ungo hamwambii mama yake, ni aibu. Humwendea somo, na somo ndiye apelekaye habari kwa mama, vigelegele vikapigwa. Kwa hiyo kila msichana anapoanza kukua, Mwamvua humwita pembeni na kumpa maneno aliyopewa yeye na bibi yake: "Siku ukiona damu, njoo kwangu. Kabla ya hapo funga mdomo."

Zaitun, binti wa kaka yake Nasibu, aliyapokea maneno hayo mwaka mmoja na wenzake. Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakawekwa ndani, wakachezwa ngoma, wakatolewa. Zaitun akabaki.

"Shoga, wewe utachezwa na wajukuu zetu," walimtania kisimani.

Alicheka nao. Hawakujua kuwa kila mwezi tumbo lilimkata, akajikunja katikati ya mpunga mpaka maumivu yapoe.

Kisha tumbo likavimba. Nasibu akakata fimbo ya mkoko.

"Mwenye mimba ni nani?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna. Basi umeshiba upepo?"

Fimbo ilipokatika bila jina kutoka, aliitwa Mwamvua. Kutoa jina ni kazi ya somo. Alilipapasa tumbo lile, likamjibu gumu chini ya kiganja, naye alikuwa amekwisha kupapasa mimba nyingi.

"Mfungieni ndani," alisema. "Njaa itamsemesha."

Haikumsemesha. Ila mkojo ulipogoma kutoka na homa ikapanda, Zabibu, mama yake, alilia mpaka Nasibu akatafuta boti. Maji yalikuwa yamekupwa. Wakangoja kwenye matope, Zaitun kapakatwa na shangazi yake, mpaka kijito kikajaa.

Hospitalini Kibiti, daktari alitoka kumtafuta mkubwa wa mgonjwa, Mwamvua akasimama.

"Huyu hana mimba, mama, wala hajaguswa na mtu. Amezaliwa na utando uliomziba njia. Damu ya hedhi ya miezi yote hiyo imejaa ndani. Mngemleta mapema ilikuwa kazi ndogo, tungeuchana tu, damu ikatoka. Sasa pameoza, na sumu imeshaingia mwilini. Tutampasua, lakini mwombeni Mungu."

Mwamvua aliingia wodini, akainama sikioni kwa mtoto.

"Maumivu yote hayo, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

Zaitun alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Shangazi, ulisema nije nikiona damu. Sikuiona."

Walimpasua, damu ikatoka, nyeusi, nzito. Homa haikushuka.

Alirudi Maparoni kwa boti ile ile, kafunikwa shuka. Nasibu alikaa omo, mbele ya boti, mikono mitupu. Mwamvua ndiye aliyemwosha maiti. Alipomaliza alinawa, akajifunga kanga vizuri, akaenda uani alikokaa Zabibu na wafiwa wenzake. Akapiga magoti mbele yake, kama somo apigavyo anapoleta habari.

"Wifi," alisema, "mwanao amevunja ungo."

Wanawake walitazama chini. Zabibu alijifunika uso kwa kanga, akageukia ukutani.