Mkwe kwa Kifaransa

Mama Pindo, fundi cherehani ambaye hakuwahi kurudishiwa nguo kwa mshono mbovu, alikuwa na mtoto mmoja tu. Kijana alikwenda mbali kutafuta maisha, akaoa huko mwanamke anayezungumza Kifaransa, na kabla hajamleta mkewe nyumbani, ugonjwa ukamchukua. Akazikwa hukohuko. Miezi minane baadaye ukaja ujumbe: mjane anakuja na mtoto.

Mama wa watu akaweka mkasi chini, akavuka ua hadi kwa jirani yake, mwalimu mstaafu wa Kifaransa.

"Mwalimu, nifundishe maneno ya ukoo tu. Mengine nitamalizia kwa mikono."

Mwalimu akacheka, akamwandikia. Bibi ni *grand-mère*. Mke wa mwanao ni *belle-fille*.

"Ukilichambua, ni binti mzuri. Na wewe kwake ni *belle-mère*, mama mzuri. Ila neno hilohilo ndilo la mama wa kambo."

"Mh! Hawa watu nao! Mkwe na mama wa kambo chungu kimoja?" Kisha sauti ikamshuka. "Na mwanangu akishakufa, jina linabaki?"

Mwalimu alivua miwani. "Linabaki, dada."

Wiki nzima alikariri huku akikanyaga cherehani. Siku ilipofika, maneno yote yakamruka. Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, kamshika mkono mtoto wa miaka mitatu mwenye masikio ya marehemu, yaleyale yaliyochomoza.

"Samahani, mama," mjane alisema, kwa Kiswahili cha kubabaisha alichojifunza kwa mumewe. "Mimi sikuleta yeye. Mimi nilizika yeye kule."

Donge la kaburi lile Mama Pindo alikuwa amelilea miezi yote minane.

"Alipokata roho, nani alikuwa naye?"

"Mimi. Mkono huu." Akaunyoosha.

Mama Pindo akaushika mkono ule, akaugeuza kiganja juu, akautazama. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakalia wote wawili palepale kizingitini, hata mtoto akaanza kuuliza kwa Kifaransa huyu ni nani.

"*Grand-mère*," mama yake akamjibu.

Walikaa mwezi mzima. Siku hizi hupigiana simu kila Jumapili, na hawana mengi: umekula, mtoto anakua, mguu wa bibi unaendeleaje. Mwakani fundi atakwenda kuliona kaburi. Pasipoti ameshaichukua.