Kijani cha Ng'ambo

Nakumbuka siku niliyoshuka Garsen, mwanangu, begi moja begani na vumbi hadi kwenye kope. Nilimaliza kidato cha nne kwetu Busia nikashindwa kutulia. Nairobi, Mombasa, Malindi, kote nilipita, hadi lori la mbuzi likanifikisha Tana. Mtembezi hula miguu yake, lakini mimi nilipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mzee Guyo, Muorma ambaye ukame ulikuwa umemsukuma hadi karibu na kijiji cha Kulesa.

Alasiri moja redio ilitangaza kwamba wataalamu wamegundua sayari inayozunguka nyota nyingine, mbali mno. Huenda upande wake mmoja una mchana daima, wa pili usiku daima. Nikawaeleza wenyeji wangu, nikitia chumvi: kuna mito, kuna nyasi za kufika magotini.

"Nani ameona hizo nyasi?" akauliza mzee.

"Hakuna, mzee. Wameona nyota ikififia kidogo sayari inapopita mbele yake."

"Basi wameona kivuli. Kivuli si kitu kidogo. Hayo mengine ni ya moyo."

Hata hivyo hakutukataza kuwaza. Yeye mwenyewe akauliza zizi lingejengwa wapi huko kusikokuwa na jioni. Mkewe, Mama Dado, akasema ni pale mwanga unapokutana na giza, kama ukingo wa mto.

"Wewe nitakuacha upande wa usiku," akamwambia mumewe, "si unapenda kulala?"

Tulicheka, ingawa nyasi zilikuwa zimekwisha na mbavu za ng'ombe zilihesabika. Bila malisho mapya wangekufa. Nao Waorma hawahamishi kundi kabla ya mtu kutangulia kukagua, kwa hiyo mzee akanituma na mwanawe Godana. Tulipofika mtoni tukaona ng'ambo kijani kibichi hadi upeo wa macho. Tukarudi mbio.

"Malisho yapo," nikasema.

"Nipe habari ya jicho kwanza," akajibu mzee taratibu. "Ya sikio baadaye. Ya moyo mwisho."

"Jicho limeona kijani."

"Nyasi?"

"Hatukuvuka, mzee."

"Ng'ombe wangu wana nguvu ya safari moja tu. Unataka waende kula ya moyo wako?"

Tukarudi mtoni, na safari hii tukavuka kwa mtumbwi. Kijani chote kile kilikuwa mathenge, ule mti wa miiba usiojua kiangazi, na chini yake ardhi tupu. Mwishowe kundi lilikwenda kijiji cha Wema, ambako wakulima Wapokomo waliokwisha kuvuna mpunga walituruhusu kulisha mabua. Ng'ombe wawili walianguka njiani. Waliobaki waliiona mvua.

Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, lakini si kila wingu hunyesha. Sikukatazi kuwaza, waza bahari na milima ya sayari ambayo hakuna mguu utakaoikanyaga, maana asiyewaza hatumwi mbele. Ila ukirudi kwa wanaokungoja, watenganishie uliloliona, ulilolisikia na ulilolitamani. Watahama kwa neno lako.

Siku niliyoondoka Tana kwa mara ya mwisho, Mzee Guyo alinitemea mate kidogo kiganjani, ndiyo baraka yao, nami naipitisha kwako jinsi nilivyopewa: uende mbali, uone vizuri, na utakakofika ukute maji.