Mwenye Lifti

Karani wa masijala, wenzake walimwita Bi Sihusiki, na jina lilimkaa kama gauni la kushonewa. Usimcheke peke yake. Ofisi ile ilikuwa na utaratibu mmoja mtamu: anayeripoti kitu kibovu ndiye anayekuwa mwenyewe, akikihangaikia mpaka kitengenezwe. Bwana mmoja aliwahi kusema choo kimeziba; alisumbuana na mafundi hadi akastaafu, choo kikabaki kazini. Kwa hiyo watu waliruka madimbwi, wakafanya kazi gizani, wakasifia hali ya hewa.

Lifti ilipoanza kukoroma, Bi Sihusiki aliisikia kila asubuhi. Akabonyeza kitufe, akapanda.

Jioni moja, watu wakielekea makwao, ikamkwamia katikati ya ghorofa mbili. Akagonga mlango kwa kiatu. Wenzake wakakusanyika nje.

"Nani mle?" mlinzi akauliza.

"Mimi, jamani! Mwiteni fundi!"

"Akija akauliza nani kamwita?"

Mhasibu akakohoa. "Mimi napita tu."

"Mimi hata sipiti," akasema msaidizi wa meneja, naye kasimama palepale kama nguzo.

Mle ndani hewa ilikuwa inapungua, au hofu inaongezeka. Ukiwa kwenye sanduku la chuma hutofautishi. Akampigia kaka yake.

"Pole sana, dada! Lakini si mdogo wetu ndiye aliye karibu na wewe?"

Akampigia mdogo wao.

"Eh! Mimi najua kaka ndiye anayekuangalia. Tangu shemeji afariki, si yeye huja kwako?"

"Haji mtu," akasema Bi Sihusiki. Hakulalamika. Alisema kama ambaye na yeye ndiyo kwanza anaipata habari hiyo.

Akakaa chini, akavua kiatu cha pili. Nje bado walikuwa wanabishana kama lifti ni mali ya utawala au ya usafirishaji, kwa kuwa inasafiri.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. "Nimeripoti mimi. Lifti ni yangu!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: simu zikapigwa tatu kwa mpigo, kila mmoja shujaa.

Fundi alipoufungua mlango, Bi Sihusiki alimkuta yeye pekee kwenye korido. Wengine walikwishapotea, maana shahidi naye ni nusu mwenyewe.

"Kuna wa kukusindikiza, mama?"

"Yupo," akadanganya, akashuka ngazi akishika ukuta, viatu mkononi.

Kesho yake alipofika kazini, foleni ilikuwa imeshajipanga kwenye meza yake. Feni haizunguki, mama. Bomba linavuja, dada. Kitasa kimeng'oka, shangazi. Waliomkwepa miaka yote sasa wanamjua kwa undugu.

Akawasogezea kiti. Kila mmoja aliacha ubovu wake mezani, akashukuru, akaondoka bila kukaa.