Kiraka cha Lubugo Bawani

Nakumbuka mchana mmoja kule Maruku, mwanangu, nilipoazima bila ruhusa miwani ya rubani na kwenda kuwaringishia wasichana, badala ya kulinda ndege niliyoajiriwa kuilinda.

Ilikuwa ndege kuukuu ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, inayonukia kama ndizi mbivu. Ilikuwa imepigana vita ya Wazungu, ikatobolewa risasi, ikafundisha marubani. Mwisho Mzungu mmoja, ndiye huyo rubani, akainunua, apigie picha za ramani za mwambao wa ziwa. Nayajua hayo kwa sababu nililisoma daftari la ndege: kila tundu limeandikwa, na jina la aliyeliziba.

Niliporudi, ng'ombe wawili walikuwa wakilamba bawa la chini. Walikwisha kulitoboa tundu la kupitisha kichwa. Nikawafukuza. Kisha, msomi mzima, nikachana kipande cha lubugo, ile nguo ya gome ya bibi yangu, nikakibandika na kukipaka dawa. Nikajisifu hata. Daftarini sikuandika neno. Niliogopa kufukuzwa kazi.

Kesho yake asubuhi kaka yangu Kamugisha akaja kupanda, amwonyeshe rubani vijiji hadi Muleba.

"Mbona umepauka?" akaniuliza. "Anayepanda si mimi?"

"Usingizi tu, kaka."

Hapo ndipo ilinipasa kusema, lakini akapanda. Injini ikanguruma. Nikakimbia nikipiga kelele, "Shukeni! Bawa bovu!" Kaka akanipungia mkono, akidhani namuaga.

Wakapaa juu ya migomba kuelekea ziwani. Nikaona lubugo limebanduka upande mmoja, linapigapiga. Viraka vyote vya vita vilikuwa na mtu wa kuvijibia. Changu hakikuwa na mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, nikaomba kwa Kihaya, Kiswahili na Kiingereza, nisijue lugha ipi itafika haraka. Mikojo ilinitoka, mwanangu, sikufichi.

Ndege ikainama, ikageuka polepole, ikashuka kwa kudundadunda. Kaka akateremka, akaketi nyasini.

"Ulijua?"

"Nilijua, waitu, kaka yangu."

"Uliogopa nini?"

"Kufukuzwa."

Akanitazama sana.

"Kazi ningekutafutia nyingine, we mjinga. Kaka ungemtafuta wapi?"

Mwanangu, utakosea. Mimi bado nakosea, na siku hizi nina shahada ya kunisaidia kujitetea. Lakini ukiharibu kitu ambacho mwenzako atakikabidhi uhai wake, sema angali amesimama chini, anakusikia. Ukifukuzwa, rudi nyumbani. Utakuta watu wako wote wapo.

Mungu akupe ulimi unaowahi kabla ya hofu, na kila unayempenda amrejeshe kwako mzima.