Cherehani ya Bi Rukia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomtisha mtoto kwa furaha yangu mwenyewe. Nilikuwa mtaalamu mbichi wa mambo ya usikivu, nimehitimu shule ya jioni baada ya miaka kama mia hivi, na kichwa kimenivimba hata kofia hainienei.

Salma, wa miaka minne, alizaliwa hasikii. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, akatiwa kifaa ndani ya sikio. Kilichobaki ni kumvika kipande cha nje na kukiwasha. Wakubwa wangu waliniagiza chumba kiwe kimya, watu wawili watatu basi. Nikasema, furaha gani hiyo ya watu watatu? Nikaalika mtaa mzima wa Bondeni. Nilipowasha tu, shangazi zake wakapiga vigelegele mpaka kunguru wa Ngome ya Yesu wakahamia Likoni. Na aliyewashinda wote kwa kelele ni mimi: "Salma! Wanisikia?"

Salma akaangua kilio, akaking'oa kile kipande, akakitupa chini ya kabati. Wiki tatu akakataa kukivaa. Na umri ule haungoji, mwanangu. Kila siku isiyo na sauti, mtoto anazidi kuchelewa kujifunza kusema. Nikaona nimemharibia bahati yake.

Nikamwendea nyanyake, Bi Rukia, aliyekuwa akipinda kwa cherehani leso za maduka ya Biashara Street. Nilibeba njuga, ngoma na mwanasesere anayeimba.

"Sabalkheri, Bibi."

"Akheri. Umetuletea arusi nyingine? Weka chini takataka hizo, daktari wa jioni. Na mdomo ufunge, kama wajua unavyofungwa."

Nikaufunga. Salma alizoea kuweka kiganja juu ya meza ya cherehani, aihisi ikitetemeka. Bi Rukia akakiweka kile kipande pale pale, akakanyaga polepole, akasita, akakanyaga tena. Hakumtazama hata mara moja. Mwishowe Salma akakiokota mwenyewe, akampa nyanyake amvike.

Cherehani ikalia. Salma akaondoa mkono mezani. Sauti bado ipo! Ilipokoma, akauvuta mguu wa nyanyake kwenye kanyagio: tena!

Nililia, mwanangu, mashati mawili yakaloa.

Sasa mvi zimenitoka hadi masikioni, na nasaha yangu ni hii: ukitaka kumpa mtu kitu kipya, tazama kwanza anapenda nini tayari, uanzie hapo. Furaha yako iache ingoje yake. Mungu akupe kazi uipendayo, na nyanya mkali wa kukunyamazisha.